Aliyetoka Bado Hajafika

Ukiuliza kompyuta ina prosesa ngapi, muuzaji atakusomea namba iliyoandikwa kwenye boksi. Kerneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo huo, hairidhiki na namba hiyo. Inatunza orodha zake yenyewe, tena kadhaa: ya prosesa zinazoweza kuwepo siku moja hata kama leo hazipo, ya zilizopo, ya zilizo kazini saa hii, na tangu mwaka 2021 ipo nyingine ya zile zilizoanza safari ya kutoka. Orodha hiyo ya mwisho ndiyo iliyonivuta kuandika. Ilikuja kutumika kurekebisha kosa dogo la mistari michache, kosa la aina ambayo hata jicho lililozoea hulipita na kuendelea na shughuli nyingine.

Kwanza tukubaliane kwamba prosesa hutoka kazini huku mashine ikiendelea kufanya kazi. Hata miongoni mwa waliosomea kompyuta wapo wanaoshangaa wakilisikia hilo. Funga kompyuta mpakato yako ikalala usingizi mzito: kabla haijalala, kerneli imekwisha kuziondoa prosesa moja baada ya nyingine mpaka ikabaki moja tu, na ukiifungua itazirudisha. Mashine pepe zinazokodishwa kwenye vituo vya data zinaweza kuongezewa prosesa au kupunguziwa bila kuzimwa. Agosti 2018, ilipotangazwa kasoro ya L1TF katika prosesa za Intel, njia mojawapo ya kujikinga ilikuwa kuzima prosesa pacha zinazoshiriki kiini kimoja, na kerneli ilitumia utaratibu huu huu kuzitoa. Mwenye mamlaka ya msimamizi hahitaji hata programu maalumu. Anaandika 0 ndani ya faili la /sys/devices/system/cpu/cpu1/online, prosesa imetoka. Anaandika 1, imerudi.

Kwa nje ni kitendo kimoja. Kwa ndani ni hatua nyingi zenye namba, kila moja na mtekelezaji wake: kazi zilizokuwa zikisubiri zamu kwenye prosesa ile zihamishwe, saa zilizotegwa pale zitegwe kwingine, vifaa vilivyozoea kuibishia hodi vielekezwe kwa nyingine. Ukiorodhesha michakato ya mashine ya Linux kwa amri ya ps utakuta majina kama cpuhp/0, cpuhp/1, cpuhp/2, moja kwa kila prosesa. Hao ndio wasimamizi wa kuingia na kutoka. Mpangilio huu ni kazi iliyoongozwa na mhandisi wa kerneli Thomas Gleixner kuanzia mwaka 2016. Kabla yake kila sehemu ya kerneli ilijiandikisha tu ipewe taarifa, na hapakuwa na kilicholazimisha mambo yavunjwe kwa mpangilio ulio kinyume cha yalivyojengwa. Kilichokuja mwisho kiondoke kwanza: ni sheria ya wazi kabisa, na bado ilichukua miaka kuisimika.

Kosa ninalotaka kulizungumzia liko kwenye kuhesabu.

Kerneli huhesabu vitu vingi sana kwa wakati mmoja: nafasi iliyobaki kwenye diski, kumbukumbu inayotumiwa na kila programu, na mengineyo. Prosesa zote zikilazimika kuandika mahali pamoja zitapanga foleni, na mashine kubwa itakuwa na kasi ya mashine ndogo. Kwa hiyo katika kila kihesabu, kila prosesa hupewa nafasi yake ya kuandikia. Inaongeza na kupunguza pale bila kumsubiri mtu, na tofauti ikifikia kiwango fulani (32, au mara mbili ya idadi ya prosesa, kinachozidi) ndipo inaihamishia kwenye jumla kuu. Anayetosheka na makadirio husoma jumla kuu basi. Anayetaka hesabu kamili huita kazi (function) iitwayo percpu_counter_sum. Hii inashika kufuli la kihesabu kile, inaanza na jumla kuu, inapita katika orodha ya prosesa zilizo kazini, inaongeza kilichomo kwenye nafasi ya kila moja, inaachia kufuli na kutoa jibu. Ukiisoma peke yake haina doa.

Na prosesa iliyoondoka? Nayo imefikiriwa. Baada ya kutoka, hatua mojawapo hupita kwenye vihesabu vyote vya mashine, kimoja kimoja, ikichukua kilichobaki kwenye nafasi ya aliyeondoka, kukitia kwenye jumla kuu na kuacha sifuri. Hakuna kinachopotea. Yaani hakipotei ukisubiri shughuli iishe.

Tatizo ni nani anatangulia. Jina la prosesa hufutwa kwenye orodha ya walio kazini mapema. Kupita kwenye vihesabu huja baadaye, na huchukua muda, kwa sababu vihesabu vyaweza kuwa vingi mno. Katikati pana kipindi ambacho prosesa haimo tena orodhani na mali yake haijakabidhiwa. Atakayehesabu wakati huo atapata pungufu. Kufuli limeshikwa vizuri, orodha ni sahihi, utaratibu wa makabidhiano upo na unafanya kazi, lakini jibu si sahihi.

Sisi wa Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, hatuhitaji kuelezwa sana kuhusu pengo la aina hii. Nenda kwenye kivuko cha Petite Barrière asubuhi, uwaangalie akina mama wenye mabeseni ya nyanya na karoti wakitoka upande wa Mbugangari kuelekea Birere, na wengine wakija huku na bidhaa za Goma. Tuseme umepewa kazi ya kuwahesabu wote, na unatumia madaftari mawili: la waliopo Rwanda na la waliopo Kongo. Mama aliyekwisha kupita dirisha la kutoka na hajagongewa la kuingia hayumo kwenye daftari lolote. Yupo, anatembea, beseni liko kichwani, anasalimiana na mwenzake anayerudi. Ni hesabu yako tu ndiyo haina mahali pa kumweka. Siku ya kawaida haidhuru, maana dakika chache baadaye ataandikwa. Lakini waliokuwa hapa mpaka huu ulipofungwa ghafla, nasi tumeuona ukifungwa zaidi ya mara moja, wanajua kwamba kuna siku swali la nani yuko wapi hasa, dakika hii, haliwezi kungoja.

Kerneli nayo ina siku zake za namna hiyo. Novemba 2022 mhandisi wa kerneli Shakeel Butt aliandika waziwazi kwamba pengo hili lipo. Maelezo yake yalikuwa ya kiungwana: watumiaji wengi wa vihesabu hivi wanavumilia upungufu mdogo wa muda mfupi, ila amekuja mtumiaji mpya asiyevumilia. Programu inapokufa, kerneli hukagua kumbukumbu yake yote kuhakikisha hesabu imerudi sifuri, na isiporudi hupiga kelele. Kwa mkaguzi huyo akatengeneza kazi ya pembeni, percpu_counter_sum_all, inayopita kwa kila prosesa inayoweza kuwepo, iwe ipo au haipo. Wengine wakaachwa na ile ya zamani.

Machi 2023 Dave Chinner, mhandisi wa Australia anayejulikana kwa kazi yake kwenye mfumo wa mafaili wa XFS, akaja na hoja nyingine. XFS ni mfumo usiopenda kukisia diski inapokaribia kujaa. Hapo hutaka hesabu kamili, na huipata kwa percpu_counter_sum ile ile iliyoachwa na pengo. Kama tunajua shimo liko njiani, kwa nini tumzungushie uzio jirani mmoja? Marekebisho yake yalikuwa mafupi. Badala ya kupita katika orodha ya walio kazini peke yake, hesabu ipite kwa kila aliyemo katika orodha hiyo au katika ile ya wanaoondoka. Kisha ile kazi ya pembeni ikafutwa, kwa kuwa haikuwa na mteja tena. Yakaingia katika toleo la 6.3, lililotoka Aprili 2023.

Hebu tuyatazame marekebisho hayo kama mtu aliyeombwa ayapitie kabla hayajapokelewa. Swali la kwanza ambalo mpitiaji angeuliza ni hili: je, hatutahesabu mara mbili? Prosesa inayoondoka iko kwenye orodha ya wanaoondoka, na huenda ilikwisha kukabidhi. Jibu liko ndani ya kufuli. Anayekusanya mali ya aliyeondoka hushika kufuli lile lile la kihesabu, huongeza kwenye jumla kuu na kuweka sifuri kabla ya kuliachia. Kwa hiyo mhesabuji atamkuta aliyeondoka katika hali moja kati ya mbili: bado hajakabidhi, na alichonacho kitaongezwa, au amekwisha kukabidhi, na kitakachoongezwa ni sifuri. Kumhesabu mwenye sifuri hakumpunguzii mtu wala kumzidishia. Hapo napenda kusimama kidogo, kwa sababu uzuri wa marekebisho haya uko katika kitu ambacho hayakukigusa. Kufuli lilikuwepo siku zote. Aliyeandika alijua lilipo na linalinda nini, akaliacha lifanye kazi yake.

Swali la pili ni la gharama. Kwa nini tusipite kwa kila prosesa inayoweza kuwepo, kama ilivyofanya kazi ya pembeni, tukaachana na hofu ya nani katoka nani kabaki? Kwa sababu kerneli inaweza kusanidiwa kwa ajili ya maelfu ya prosesa, na kwenye baadhi ya mashine idadi ya zinazoweza kuwepo huzidi mno ya zilizopo. Kuhesabu viti vitupu ili usimkose mtu mmoja ni usalama, lakini ni usalama wa mtu asiyetaka kujua nani hasa anasafiri.

Swali la tatu niliulizwa na kijana mmoja miongoni mwa wale ninaokaa nao jioni kusoma msimbo. Akasema, "Mwalimu, kwani tukishika kufuli la prosesa zenyewe, lile la cpus_read_lock, si hakuna itakayotoka mpaka tumalize kuhesabu? Mbona tunahangaika?" Ni swali zuri, na huwa la kwanza kumjia mtu mwenye nia njema: panapo hatari, weka kufuli. Nikamwambia atazame nani anaita hesabu hii, na akiwa ameshika nini mkononi. Kufuli la prosesa ni la kusubiri. Ukilikuta limeshikwa unalala mpaka liachiwe. Hesabu huweza kuitwa na mtu ambaye tayari ameshika kufuli la aina nyingine, lile lisiloruhusu mwenye nalo kulala hata kidogo. Ukimlazimisha alale, umeiponya hesabu na kuikwamisha mashine. Kijana akanyamaza, kisha akasema, "Basi dawa inaua." Nikamwambia ndiyo, na si mara ya kwanza.

Historia yenyewe inathibitisha. Mwaka 2017 Gleixner na wenzake walibadilisha kufuli la prosesa lilivyotengenezwa. La zamani lilimruhusu mtu kulishika mara ya pili akiwa nalo tayari, na kwa ajili ya ruhusa hiyo lockdep, chombo cha kerneli kinachofuatilia nani anashika kufuli gani akiwa ameshika lipi, hakikuweza kuufuata mlolongo mzima. La jipya halikuwa na ruhusa hiyo. Chombo kikaanza kuona, na kilichoonekana kilikuwa njia za kweli za kukwama, ambamo wa kwanza anamsubiri wa pili naye wa pili anamsubiri wa kwanza. Zilikuwemo siku zote, chini ya ulinzi wa kufuli lililowekwa kwa ajili ya usalama. Ndipo yakaongezeka majina yenye mkia wa _cpuslocked, yaani kazi zilizoandikwa kwa ajili ya mtu ambaye kufuli analo tayari na hapaswi kulishika tena. Majina hayapendezi, nakiri. Lakini jina baya linalosema ukweli kuhusu nani ameshika nini linanifaa kuliko jina zuri linalonyamaza.

Haya yote yananirudisha kwenye kazi ya kupitia msimbo wa wengine, ambayo sisi huisifu kidogo na kuifanya kidogo zaidi. Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo, inapokuonyesha mabadiliko, kwa kawaida hukupa mistari mitatu juu yake na mitatu chini. Dirisha hilo linatosha kuona kama mtu amesahau nukta-mkato. Halitoshi kuona kwamba aliyeita kazi hii ameshika kufuli, wala kwamba jina lilifutwa kabla ya makabidhiano, kwa sababu mambo hayo yako kwenye faili lingine kabisa, pengine la mwandishi mwingine, la miaka kumi iliyopita. Mpitiaji anayeishia dirishani anakagua mwandiko. Anayefanya kazi hufungua faili la jirani na kuuliza: kati ya mstari huu na ule unaofuata, ni nani anaweza kupita?

Swali hilo halina jibu la mara moja. Linakutaka ushike akilini watendaji wawili au watatu wanaokwenda kwa wakati mmoja, kila mmoja akiweza kusimamishwa popote, na uwasogeze hatua kwa hatua ukitafuta mpangilio mbaya kuliko yote. Majaribio husaidia, na kerneli ina hata faili la kuifanya hatua ya kutoka ishindwe makusudi, ili uone kama mambo yatarudi yalipokuwa. Lakini pengo la sehemu ndogo ya sekunde linaweza kupita majaribio mwaka mzima lisijitokeze, kisha likajitokeza kwenye mashine ya mtu usiku wa manane. Kabla ya hapo lingeweza kuonekana kwa mtu aliyekaa, akasoma, akafikiri.

Kwenye kerneli, aliyepitia kwa makini huruhusu jina lake liandikwe chini ya mabadiliko, kwenye mstari wa Reviewed-by. Maana yake imeelezwa kwenye nyaraka za mradi: kwamba amefanya ukaguzi wa kitaalamu, amesema wasiwasi wake na kujibiwa, na anaona kazi inafaa kuingia; lakini hatoi dhamana kwamba itafanya kazi kila mahali. Napenda unyofu wa hilo la mwisho. Jina hubaki kwenye historia ya msimbo moja kwa moja, na kosa likipatikana baadaye, mabadiliko ya kulirekebisha hutaja kwa Fixes ni badiliko lipi lililoleta kosa. Hakuna anayefukuzwa kwa hilo. Linabaki tu limeandikwa, na watu wanaendelea kufanya kazi pamoja.

Ukipanda barabara kutoka Gisenyi kwenda Musanze unapita Mukamira, wilayani Nyabihu, ambako tangu mwaka 2019 iko Rwanda Coding Academy. Vijana pale wanafundishwa uandishi wa programu, programu zinazokaa ndani ya vifaa, na usalama wa mitandao. Ninapokutana na wanafunzi wa kompyuta, wa pale au wa kwingine, hunionyesha walichotengeneza: tovuti ya duka, programu ya simu ya kuagiza chakula, mfumo wa kuandikisha wageni wa hoteli za ufukweni. Ni kazi nzuri na natamani ziwe nyingi. Sijaonyeshwa bado na kijana msimbo wa mtu mwingine aliousoma mpaka akauona ulipo dhaifu. Wala simlaumu, kwa kuwa hatumpi alama kwa hilo. Mitihani yetu inauliza "andika programu ya kufanya kadhaa." Haiulizi "hii hapa imeandikwa na mhandisi hodari, nayo inafanya kazi. Ni lini haitafanya kazi?"

Afrika Mashariki tumewahi kuingia kwenye programu huria na kuacha alama. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, na watu wakaandika barua kwenye programu inayozungumza nao Kiswahili. Ile ilikuwa kazi ya juu, mahali ambapo programu inakutana na mtumiaji. Huku chini, kwenye kufuli na orodha na vihesabu, hakuna lugha inayomzuia mtu. Panahitaji subira, na panahitaji mwalimu wa kumwambia mwanafunzi kwamba siku nzima iliyotumika kusoma mistari ishirini haikupotea.

Kwa mwalimu yeyote wa kompyuta atakayesoma haya, awe Rubavu, Goma, Bukoba au Mombasa, ombi langu ni kipindi kimoja tu. Yachukue mabadiliko yale ya Machi 2023. Waonyeshe wanafunzi kwanza ile hesabu ya zamani, usiwaambie ina kosa, na uwape muda walitafute. Wape karatasi, wachore nani yuko wapi kila hatua. Ndipo uwaonyeshe jibu, na uwaulize kwa nini hakuna kinachohesabiwa mara mbili. Faili ni lib/percpu_counter.c, lipo wazi kwa kila mtu, na kulisoma hakuna ada.